Vidole Kumi vya Kasyoka

Kila siku saa saba mchana, kabla ya chakula, Mumbua alichukua jagi la maji na beseni akamwendea binti yake Kasyoka mlangoni mwa karakana ili anawe mikono. Kasyoka alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, fundi wa mbao anayejulikana Kasikeu yote hadi Sultan Hamud, na tangi la maji lilikuwa hapo hapo ukutani. Angeweza kunawa mwenyewe. Lakini mama yake hakuacha. Alimwaga maji polepole, na maji yakipita katikati ya vidole vya binti yake, yeye alikuwa akivihesabu. Hakutikisa midomo. Akifika kumi alimpa taulo, wakaingia kula.

Mikono ile ilikuwa na kazi mbili. Mwaka wa 1966, Kasyoka akiwa na miaka mitatu, alishikwa na homa siku nne. Homa iliposhuka, mguu wa kushoto ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa, na haukuamka tena. Tangu hapo alitembea kwa mikongojo miwili. Mtu mwingine akikatwa vidole hupoteza kazi yake. Kasyoka angepoteza kazi na kutembea pia, siku hiyo hiyo moja. Mumbua alilijua jambo hili kila saa ya mchana, hata akiwa anachambua maharagwe.

Kuwa seremala hakukuja kwa kupanga. Mwaka wa 1981 politekniki ya kijiji ilipofunguliwa, wasichana wote waliandikishwa ushonaji. Kasyoka naye akakalishwa mbele ya cherehani. Zilikuwa cherehani za kukanyaga. Mwalimu alimwangalia akihangaika na mguu mmoja, sindano ikienda na kurudi kama mlevi, mwisho akashika kiuno.

"Sasa wewe nikuweke wapi?"

"Kule," Kasyoka akasema, akionyesha banda la pili ambako wavulana walikuwa wakipiga randa. "Kule naona wanatumia mikono tu."

Walicheka. Lakini kutembea kwa mikongojo kulikuwa kumempa mabega na mikono ambayo mvulana yeyote pale angeitamani, na baada ya muhula mmoja hakuna aliyecheka tena. Alisimama kwenye meza na mkongojo mmoja kwapani upande wa kushoto, akavuta randa kutoka kulia kuja kushoto, kuelekea pale alipoegemea, na mbao ikatoka laini kama uso wa maji. Miaka kumi na mitatu alifanya kazi hivyo. Vitanda, kabati, milango, majeneza pia, kwa kuwa watu hawaachi kufa.

Baba yake, Ndolo, hakuiona kazi hiyo. Alifariki mwaka wa 1978, akamwachia Mumbua mashamba mawili, plau moja na ng'ombe wawili wa kulima, Simba na Landi. Mumbua ndiye aliyekuwa akitembea mbele ya ng'ombe hao miaka yote, ameshika kamba, huku mume wake akishika plau nyuma. Ndolo alipoondoka, Mumbua aliwalimia watu mashamba yao kwa ng'ombe wale wawili, na kwa kazi hiyo akamlipia Kasyoka karo. Yeye mwenyewe shuleni alikuwa ameishia darasa la nne. Lakini ukimwonyesha ng'ombe akitembea hatua kumi, angekuambia atalima au hatalima.

Shida ilianza na mabega. Mwanzoni mwa 1994 Kasyoka akawa hawezi kuinua mkono juu ya kichwa bila kukunja uso. Muuguzi wa zahanati alimgusa hapa na pale, akamuuliza kazi yake.

"Mabega haya yanakubeba mchana kutwa, halafu unayaambia yasukume patasi," akasema. "Kazi moja kati ya hizo uipunguze. Ukiendelea hivi, miaka mitano ijayo utahitaji mtu wa kukusukuma kwenye kiti."

Kazi iliyokuwa ikimmaliza ni mifereji. Mlango wa paneli unataka mfereji kuzunguka fremu nzima, na kingo zenye urembo. Kwa patasi na nyundo, katika mbao za mukau, mti wa huku kwetu ambao mchwa hawauwezi, mlango mmoja ulikula siku tatu na mabega yote mawili. Na sasa kanisa lao lilikuwa limejenga jengo jipya la mawe, na wazee walikuwa wamempa Kasyoka milango na madirisha yote. Hakuwa amewahi kupata kazi kubwa hivyo. Hakuwa na mabega ya kuimaliza.

Mwaka huo huo nguzo za stima zilipita barabarani kwenda shule ya upili, na nyumba yao ilikuwa kando ya barabara. Kasyoka alisema jambo ambalo mama yake alikuwa akiliogopa.

"Mwaitu, kuna mashine inaitwa ruta. Ni ya kushika kwa mikono miwili. Ina kijino kinachozunguka chini yake, kinachimba mfereji chenyewe. Mlango wa siku tatu nitaumaliza asubuhi moja."

"Kinazunguka mbio kiasi gani?"

Kasyoka alikuwa mtu mkweli. "Mbio mpaka hukioni."

Mumbua alikuwa akimfikiria Mulei wa kinu cha posho, ambaye mkanda wa mashine ulichukua vidole vyake vitatu siku moja ya soko, watu wote wakiwa kwenye foleni na madebe yao, yeye Mumbua akiwa wa nne. Mulei alikuwa mzima hadi leo, ana miguu yake miwili ya kumpeleka anakotaka. Je, Kasyoka? Bila mashine, mabega yangekwisha. Kwa mashine, vidole vingeweza kwenda. Alikaa na jambo hilo wiki nzima, akaliombea, akalala nalo, akaamka nalo. Mwisho akasema, "Basi tutaenda pamoja. Lakini nitaichagua kama nilivyokuwa nachagua ng'ombe."

Siku ya kwenda, shemeji yake Kiema alijileta mwenyewe. Kiema alikuwa mdogo wake Ndolo, amestaafu kutoka karakana za reli, mzee wa kanisa, mtu wa kofia na wa kauli ya mwisho.

"Wanawake wawili hawawezi kununua mashine peke yao," alisema. "Watauziwa redio."

"Karibu, shemeji," Mumbua akasema. "Utabeba mbao."

"Mbao gani?"

Mumbua alikuwa ameegemeza mlangoni kipande cha mukau, kirefu kama mkono wa mtu mzima na kinene vidole viwili. Kiema alikipima kwa macho, akacheka mpaka kofia ikasogea.

"Mtu anaenda dukani na mbao yake? Duka litakuwa na mbao."

"Litakuwa na saiprasi, laini kama mkate. Wewe na ndugu yako mlipomnunua Landi, mlimjaribu kwenye mchanga wa mtoni? Si mlimleta kwenye shamba letu, la mawe, akalima mistari sita kabla ndugu yako hajaingiza mkono mfukoni?"

Kiema alibeba mbao.

Duka la Abukar lilikuwa Sultan Hamud, nyuma ya barabara kuu. Abukar alikuwa mtu wa kaskazini mashariki, mrefu, ndevu zake zimepakwa hina, aliyekuja Ukambani akiuza ng'ombe na baadaye akaanza kuuza vifaa vilivyokwishatumika: majenereta, pampu, misumeno ya stima, vitu vya makampuni yaliyomaliza kujenga barabara na kuondoka. Mke wake, Falis, alikaa kwenye mlango wa ua akipepeta mchele. Alipomwona Kasyoka akishuka ngazi kwa mikongojo aliweka ungo chini, akaondoa magunia yaliyokuwa njiani. Mumbua aliliona hilo na akaliweka moyoni.

"Nataka ruta," Kasyoka akasema.

"Ninazo tatu," Abukar akajibu. "Fundi wako ni nani? Ni huyu mzee?"

"Fundi ni mimi."

Abukar alimtazama, akaitazama mikono yake, iliyojaa sugu. "Samahani, fundi," akasema, akaenda kuzileta.

Mumbua alikohoa. "Kabla hujaziweka hapo, baba. Mimi nimefanya kazi ya ng'ombe maisha yangu yote. Ng'ombe wa kulima silipi kabla hajalima mbele yangu. Kama utakataa, tuambie sasa tusipotezeane siku."

Alitarajia ubishi. Abukar alicheka, akaonyesha meno yake yote. "Mama, mimi nimeuza ng'ombe miaka kumi na minane. Mtu asiyejaribu ndiye huyo huyo anayerudi kupiga kelele. Stima iko pale, meza iko pale. Jaribuni mpaka mchoke."

Ya kwanza ilikuwa kubwa, rangi ya buluu inang'aa, na Kiema aliipenda kabla haijawashwa.

"Hii ndiyo mashine," alisema, akiipiga mgongoni kama fahali. "Ona nguvu hiyo. Reli tulikuwa na vitu kama hivi."

Abukar alifunga mukau kwenye meza kwa majiliwa mawili. Kasyoka aliweka mkongojo wake kwapani, akaishika mashine, akabonyeza. Mashine iliruka. Haikuruka sana, lakini iligeuza mikono yake, na mguu mzuri ukasogea sakafuni nusu hatua. Mtu mwenye miguu miwili asingehisi hata kidogo. Mumbua alikuwa ameshafika nyuma yake, mikono iko tayari.

"Sasa iachilie," akasema kwa sauti juu ya kelele.

Kasyoka aliondoa kidole. Mashine iliendelea kuunguruma.

"Mbona haisimami?"

"Ina kitufe cha kufunga swichi, mama," Abukar akaeleza alipoizima. "Ili fundi asichoke kidole."

"Kwa hiyo akianguka, inaendelea peke yake?"

Abukar alikuna ndevu. "Inaendelea."

"Itoe hapo."

"Shemeji!" Kiema alikasirika. "Mashine ni nguvu! Utamnunulia mtoto kitu cha kukoroga uji?"

"Baba mdogo," Kasyoka akasema kwa upole, "wewe ukirushwa, unarudisha mguu nyuma. Mimi nirudishe upi?"

Kiema alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Ya pili ilitoka Japani, ndogo na safi, na Abukar mwenyewe aliirudisha sandukuni. Ilitaka stima hafifu kuliko ya hapa, ikabidi iunganishwe kwanza na kifaa kingine. "Siku moja mtu atasahau na kuichomeka moja kwa moja, itaungua," alisema. "Sitakuuzia, kisha nikutane nawe sokoni."

Ikabaki moja. Ilikuwa ya zamani, ya kijani iliyopauka, vishikio vyake vya mbao vimelainishwa na mikono ya watu wasiojulikana. Abukar aliishika bila kuiweka mezani.

"Hii sitakuficha," alisema. "Imerudi mara mbili. Fundi wa kwanza alisema ina wazimu. Wa pili akasema ni zaidi ya wazimu, ina shetani. Mimi nimeifungua, sikuona kasoro."

"Iwashe tu, isiguse kitu," Mumbua akasema.

Abukar aliiwasha. Mumbua alifumba macho. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya kinu cha Mulei miaka ishirini, na masikio yake yalijua sauti ya beringi nzima na ya beringi inayokufa, kama wengine wanavyojua sauti ya mtoto mgonjwa. Alijua kinu kitavunjika wiki mbili kabla Mulei hajajua. Sauti hii ilikuwa moja, imenyooka, haina mchanga ndani yake. Na ilianza bila kuruka, kama mtu anayeamka kitandani taratibu.

"Achilia."

Abukar aliondoa kidole. Sauti ilishuka, ikafa.

"Hii si mgonjwa," Mumbua akasema, moyo wake ukiwa umeanza kutulia. "Kasyoka, jaribu."

Kasyoka alichimba kwanza mfereji katikati ya mbao. Ulikuwa mzuri, mashine ikisukumana naye kidogo tu. Akatabasamu. Kisha akataka kujaribu ukingo, urembo wa milango ya kanisa. Abukar alibadilisha kijino. Kasyoka alisimama kama alivyosimama siku zote, mkongojo kushoto, akaanzia mwisho wa kulia, akaivuta mashine kuja kushoto.

Mashine ilikimbia.

Ilichomoka kufuata ukingo kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki, ikinyofoa mbao, ikimvuta Kasyoka nayo. Mkongojo uliteleza. Falis alipiga kelele. Mumbua alimshika binti yake kiunoni, wote wawili wakaanguka juu ya magunia, na Kasyoka, akianguka, aliachilia. Mashine ilibingirika mezani ikazima kabla haijafika pembeni.

Mumbua alishika mikono ya binti yake, akaigeuza, akavihesabu vidole mbele ya watu wote, kwa sauti, bila aibu. Kumi. Akavihesabu tena.

"Twende nyumbani," akasema. Sauti yake haikuwa yake.

"Huo ndio wazimu waliousema," Kiema akasema polepole, na safari hii hakukuwa na kejeli.

Kasyoka alikuwa amekaa kwenye gunia, uso umeinama. Hakulia. Mumbua angependa alie. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kishikio cha mkongojo wake kwa kidole gumba, akirudia rudia mahali pale pale. "Sawa, mwaitu," alisema. "Nitaendelea na patasi."

Neno hilo ndilo lililomzuia Mumbua kuondoka. Alijua patasi maana yake nini. Ilikuwa na maana ya kiti cha kusukumwa.

Falis alileta chai ya maziwa na iliki, akampa Kasyoka kwanza. Mumbua hakunywa. Alienda mezani akaitazama mbao iliyoharibiwa, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, na kutazama ndiyo kazi aliyoijua. Mfereji wa katikati ulikuwa safi. Ukingo ulikuwa na alama, kijishimo hapa, kijishimo pale, nafasi sawa katikati. Zilifanana na nyayo. Nyayo za mnyama anayekimbia.

Mashine yenye wazimu ingewezaje kuchimba mfereji ule safi, halafu ichizike baada ya dakika tano?

Akakumbuka. Mwaka wa 1972 Ndolo alikuwa na malaria, wakamwajiri mtu mwingine siku moja aje kulima. Mtu yule alifunga Simba kulia na Landi kushoto. Miaka yote Landi ndiye aliyekuwa kulia, akitembea ndani ya mfereji wa plau, na Simba kushoto, kwenye ardhi ambayo haijalimwa. Asubuhi nzima wale ng'ombe walivutana, wakagombana, mwisho Landi akaivuta plau, mtu na nira hadi katikati ya maharagwe ya jirani. Yule mtu alikuja nyumbani akisema Landi ameharibika, auzwe kwa wachinjaji. Ndolo aliinuka kitandani na blanketi lake, akaenda shambani, akatazama, akasema maneno mawili tu: "Badilisha upande." Landi alilima miaka tisa mingine.

"Abukar, baba," Mumbua akasema. "Chomoa waya, unipe."

Abukar alimpa kichwa cha waya. Mumbua alikibana kwapani mwake, akahakikisha kimebanwa, ndipo akaigeuza mashine kichwa chini. Kijino kilikuwa na uso mmoja mkali na mgongo mmoja butu, kama panga. Alikizungusha kwa kijiti kuelekea uso mkali.

"Kinazunguka hivi. Kweli?"

Abukar alisugua uchafu pembeni mwa mashine kwa kidole. Chini ya uchafu kulikuwa na alama ndogo ya mshale, karibu kufutika, ikielekea huko huko. "Kweli, mama."

"Sasa, Kasyoka, njoo uone. Ukiivuta kutoka kulia kuja kushoto, meno haya yanakanyaga ukingo kama gurudumu. Hayakati. Yanatembea. Nawe ukiwa unavuta huko huko yanakotaka kwenda, unayafungulia njia. Lakini ukitoka kushoto kwenda kulia, yatakuwa yanakuja kinyume chako. Itabidi yakate ndiyo yapite."

Kasyoka aliinuka. Alizungusha kijiti mwenyewe, mara moja, mara mbili, akaitazama mbao. Mumbua aliona macho ya binti yake yakirudi.

"Katikati ya mbao kuna ukuta pande zote mbili," Kasyoka akasema, kana kwamba anajisemea. "Ndiyo maana haikukimbia kule."

"Sijui hayo. Najua ng'ombe amefungwa upande usio wake."

"Lakini mwaitu, mimi sijawahi kwenda kulia. Nikienda kulia naenda mbali na mkongojo."

Ilikuwa kweli. Ni Kiema aliyesema, kwa sauti ndogo ambayo shemeji yake hakuwahi kuisikia. "Ng'ombe alibadilishwa upande. Si mkongojo nao ubadilishwe?"

Kisha akaanza kuisogeza meza ya Abukar, peke yake, mzee wa watu, mpaka mwisho wake wa kulia ukafika ukutani. Falis alileta gunia la mchele, wakaliegemeza ukutani, kimo cha nyonga. Kasyoka alihamisha mkongojo kwapani upande wa kulia, akaegemeza nyonga kwenye gunia. Alionekana mgeni mwilini mwake, kama mtu aliyevaa viatu kinyume.

Mumbua alirudisha waya. Alikosa tundu mara mbili. Alitaka kusema, usijaribu. Alitaka kusema, leta nifanye mimi. Alifunga mdomo, akamwomba Mungu kwa haraka bila maneno ya kupendeza, akasogea nyuma hatua moja. Hatua moja tu.

Mashine iliamka taratibu. Kasyoka aliigusisha ukingo upande wa kushoto, akaisukuma kwenda kulia. Ilikataa kidogo, ikakubali. Maranda yakaanza kurushwa upande mmoja, mstari mmoja, kama maharagwe yanayopepetwa na mtu anayejua. Ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayelima, hadi mwisho. Kasyoka aliachilia kidole, ikanyamaza.

Kasyoka alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ulikuwa mviringo laini, bila hata kibanzi kimoja. Akamshika mama yake mkono, akampitisha na yeye.

"Shetani ametoka," Kiema akasema.

Abukar alicheka mpaka akakaa. "Miezi minane nimeilaumu bure! Mafundi wawili, wanaume, na mimi wa tatu!" Akaifunga mashine kwenye gunia safi kwa mikono yake mwenyewe. Bei aliishusha bila kuombwa. Alisema hawezi kumuuzia mtu mashine kwa bei kamili wakati mtu huyo ndiye aliyemfundisha kuiendesha. Falis naye alimkatalia Mumbua kulirudisha gunia lile la mchele.

"Lile ni la kuegemea," alisema. "Mtalila baadaye."

Milango ya kanisa ilikamilika kabla ya mvua za mwezi wa Novemba. Siku ya kulifungua jengo, wakati wa kutoa shukrani, kila mtu alisimama kushukuru kwa mvua, kwa watoto, kwa mawe na saruji. Mumbua, ambaye hakuwahi kusema mbele za watu, alisimama pia. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya Abukar na mke wake, ambao si wa kanisa hilo. Alimshukuru kwa ajili ya shemeji yake Kiema aliyesukuma meza. Alimshukuru kwa ajili ya marehemu mume wake, na kwa ajili ya ng'ombe anayeitwa Landi, na hapo watu wakacheka. "Na kwa ajili ya mtu nisiyemjua, huko Ulaya au popote alipo," akamaliza, "aliyefikiria kutengeneza swichi ambayo ukiiachilia inazima. Huyo alikuwa na mama." Akakaa chini, uso ukiwaka moto.

Sasa ni mwaka wa 1998. Ruta ya kijani bado inafanya kazi. Beringi ilibadilishwa mara moja, Mumbua akiwa ndiye aliyesema imeanza kulia, wiki mbili kabla Kasyoka hajasikia. Karakana ilijengwa upya kwa kipimo cha mwili wa Kasyoka: meza imegusana na ukuta wa kulia, na ukutani kuna ubao uliofunikwa kwa godoro kuukuu, kimo cha nyonga. Mabega yanauma wakati wa baridi tu. Muuguzi aliyaona mwaka jana, akasema ni mabega ya mtu mwingine.

Juzi, saa saba mchana, Mumbua alikwenda na jagi na beseni kama kawaida. Kasyoka alinyoosha mikono. Maji yalipita, vumbi la mukau likatoka jekundu kidogo, kisha safi.

"Mwaitu, umefika ngapi?" Kasyoka akauliza.

Maji yalisimama. "Ngapi nini?"

"Nilipokuwa na miaka kumi na nane, siku ya kwanza kushika msumeno, ulianza. Nilifikiri utaacha."

Mumbua alitazama beseni. Miaka yote hiyo alidhani ni siri yake. Akasema ukweli.

"Nimefika saba."

"Basi maliza," Kasyoka akasema, akafungua vidole vyote, akavitenganisha vizuri ili mama yake aone. "Nisingoje chakula."

Mumbua akamwaga maji, akamaliza.